Hatamu isiyo na lijamu kwa farasi mchanga: ipi ya kuanzia, na inakaaje kichwani?

MatitiTaratibu (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za humu. Farasi ana miaka mitatu na nusu, dume aliyehasiwa. Tandiko ameshalizoea, mtu mgongoni anamkubali, anatembea na kusimama kwa sauti. Meno yanabadilika, kwa hiyo lijamu (kile chuma cha kinywani) kwa sasa hapana. Shida ni kwamba kila hatamu isiyo na lijamu inauzwa kwa jina la "laini". Nisaidieni: ipi ya kuanzia, inakaa wapi puani, inabanwa kiasi gani, na mambo huharibikia wapi?

KigweKirefu
Mkuu, hilo neno "laini" liweke pembeni kabisa. Ukishika hatamu yoyote jiulize nguvu ya mkono wako inaangukia wapi kichwani, inafika ikiwa imeongezeka mara ngapi, na ukiachia inaondoka upesi kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo linalomfundisha farasi. Anapotii, kigwe (kamba unayoishika mkononi) kikilegea papo hapo, ameelewa. Kikilegea baada ya sekunde mbili umemfundisha kitu kingine, yaani kile alichokuwa anafanya kwenye sekunde hiyo ya pili.

Kwa farasi wa hatua hiyo jibu langu ni fupi: hatamu ya pete za pembeni, ile wengine huiita saidipuli. Mkanda wa pua wenye pete moja kila upande, kigwe kinafungwa kwenye pete, basi. Ukivuta cha kushoto, pua inakwenda kushoto. Hakuna wenzo, hakuna mkanda unaopita kwenye kitu kingine, na ukiachia nguvu inaisha hapo hapo. Farasi mchanga anahitaji kuelewa kugeuka kabla ya kitu kingine chochote, na hiyo inageuza waziwazi kuliko zote.

Udhaifu wake ni breki. Ukivuta vigwe vyote viwili kwa pamoja na kuvishikilia, anajifunza kuegemea, na farasi wa kilo 400 akiegemea pua yake mkononi mwako huna cha kumfanya. Ndiyo maana kusimama kunafundishwa chini kwanza, kwa sauti na kwa mwili, sio kwa mkono.

DaktariKwato
Naongezea mahali pa kukaa, maana hapo ndipo wengi hukosea hata wakinunua kitu kizuri.

Weka kidole kwenye shavu la farasi utafute ukingo wa mfupa unaotokeza chini ya jicho na kushuka kuelekea pua. Ufuate mpaka unapoishia. Mkanda wa pua unakaa vidole viwili chini ya hapo, kama sentimita 3 hadi 4. Kisha fanya kipimo cha pili: pandisha kidole gumba juu ya pua kuanzia kwenye matundu. Mwanzoni ni laini, unabonyea, halafu unafika kwenye mfupa. Mfupa wa pua mwishoni ni mwembamba na unaning'inia bila kushikiliwa na kitu chini yake. Mkanda ukishuka pale unabana njia ya hewa, na nguvu kubwa inaweza kuuvunja. Kwa hiyo vipimo viwili, cha juu na cha chini, na mkanda ukae katikati yao. Kichwa cha farasi mchanga ni kifupi. Nafasi hiyo huwa ndogo kuliko mnavyodhani.

Jambo la pili: karibu na ncha ya ule ukingo wa shavu, juu yake kidogo, kuna tundu ambamo mshipa mkubwa wa fahamu hutokea kwenda kwenye pua na mdomo wa juu. Pete, fundo au bizimu visilalie hapo.

La tatu ni meno. Kukosa lijamu hakuondoi habari ya meno. Meno ya mbele ya utotoni huanguka karibu na miaka 2.5, 3.5 na 4.5. Magego ya mbele hubadilika kati ya miaka 2.5 na 4. Kwa umri wa farasi wako utaweza kukuta hata vinundu chini ya taya, ni mizizi ya meno yanayokuja, na mkanda wa kidevu ukipita juu ya kinundu kinachouma atapiga kichwa juu ukadhani ni kiburi. Tena magego ya juu yana makali upande wa shavu. Mkanda wa pua uliobanwa unasukuma shavu kwenye makali hayo na kumtia vidonda ndani, mahali usipopaona. Akaguliwe kinywa kila miezi sita mpaka afike miaka mitano.

FundiNgozi
Daktari kamaliza ya mifupa, mimi niseme ya mikanda.

Chukua tepu ya kushonea. Pima mzunguko wa pua pale pale daktari alipoelekeza, bila kukaza. Kisha pima kutoka itakapokaa pete ya kushoto, kupitia nyuma ya masikio, hadi ya kulia. Usinunue kwa jina la saizi, linatofautiana kwa kila mshonaji. Tafuta hatamu ambayo vipimo vyako vinaangukia tundu la katikati, na yenye matundu yasiyopungua matano kila upande, maana kichwa bado kinakua. Pima upya kila wiki nne.

Mkanda wa pua uwe na upana wa sentimita 2 hadi 2.5, umetandikwa laini ndani, na mshono usiguse ngozi. Mwembamba zaidi ya hapo nguvu ile ile inaangukia sehemu ndogo, inakata. Mpana sana, kwa kichwa kifupi, unapanda kwenye ukingo wa shavu au unashuka kwenye gegedu. Pete za sentimita 4 au 5. Ndogo zaidi hujipinda ndani na kuchubua.

Kubana: vidole viwili vya mtu mzima vilaliane bapa kati ya mkanda na mfupa wa pua, JUU ya pua. Sio pembeni. Pembeni kuna nyama na nafasi, vidole vitaingia hata kama kabanwa kama mzigo wa punda.

Zizi_la_Duara
Wadau mbona mnazunguka? Kamba ya kichwa yenye mafundo ndiyo anayovaa kila siku kwenye mazoezi ya chini. Funga vigwe viwili, panda. Gharama ndogo na farasi anaijua tayari.

KigweKirefu
Ndugu yangu Zizi, kuijua tayari ni hoja nzito, sikatai. Kwa mara mbili tatu za kwanza, ndani ya uwanja uliozungushiwa, mwendo wa kutembea tu, inafaa. Ila tazama ilivyotengenezwa. Kamba ya milimita 6 ina mguso mwembamba kuliko mkanda wowote tuliotaja, na mafundo mawili puani yanakaa karibu kabisa na mshipa alioutaja daktari. Ndiyo maana farasi anaitii haraka: inauma. Ukiamua kuitumia chukua ya milimita 8, na funga vigwe kwenye mafundo ya pembeni ya pua. Wengi hufunga vyote viwili kwenye kitanzi cha chini ya kidevu. Hapo ukivuta cha kushoto kamba nzima inazunguka, na ishara inamfikia upande wa kulia na chini ya taya. Farasi mchanga anabaki kukisia.

Tena ncha ya kufungia, ile ya pembeni ya shavu, ipitishwe chini ya kitanzi na ielekee nyuma. Ikielekea mbele inampiga jichoni. Na usimwachie nayo malishoni wala usimfunge nayo ukaondoka, haikatiki.

BosaliNaMekate
Nashangaa hakuna aliyetaja bosali, ambayo kazi yake ya asili ni hii hii. Wafuga ng'ombe wa California walianzisha farasi mchanga kwa bosali, wakaja kwenye vigwe vya aina mbili kwa pamoja (vya bosali na vya lijamu), na lijamu peke yake ikafika mwisho kabisa, farasi akiwa mtu mzima.

Bosali ni duara la ngozi mbichi iliyosukwa, lenye fundo zito chini ya taya. Mekate ni kamba ya singa (nywele za farasi), kama mita 6.7, inayozungushwa juu ya fundo hilo kupata vigwe na mkia wa kuongozea. Kwa kuanzia tafuta unene wa milimita 16. Milimita 19 ni nzito, inamfaa farasi mkubwa au mkono unaojua. Kiini kiwe cha ngozi mbichi. Ikunje kwa mikono miwili: ikikunjika na kurudi taratibu ni ngozi, ikibaki ngumu kama spoku ya baiskeli ndani kuna waya, irudishe.

Bosali mpya ina umbo la yai, pua ya farasi haina. Itie kipande cha mbao chenye upana wa pua yake, ifunge, iache usiku kucha. Usipofanya hivyo itamgusa sehemu mbili tu na kumchubua pembeni ya taya. Mizunguko ya mekate inaongezwa au kupunguzwa mpaka fundo, ukiachia, linaanguka kwa uzito wake na kuachana na taya kabisa. Nafasi ya kidole kimoja na nusu hivi. Lisipoanguka hakuna kuachia, na bosali isiyoachia ni kitanzi.

Matumizi: kigwe kimoja kwa wakati, vuta-achia, vuta-achia. Kamwe usishikilie viwili.

MatitiTaratibu
Bosali inavutia, lakini mkono wangu bado unashikilia kuliko kuachia, nakiri. Halafu kuna ile ya mikanda inayopishana chini ya taya, inasemwa inakumbatia kichwa kizima. Vipi hiyo?

KigweKirefu
Umejijibu mwenyewe juu ya bosali, na ni jibu la mtu makini.

Ya mikanda kupishana, tuiite ya mkasi. Kigwe cha kushoto kinapita kwenye pete ya kushoto, kinavuka chini ya taya, kinapanda shavu la kulia hadi nyuma ya masikio. Kwa hiyo ukivuta kushoto, kichwa kinasukumwa kutoka kulia. Robert Cook, daktari wa mifugo, ndiye aliyeifanya ijulikane duniani. Farasi mtulivu wa kutembea safari ndefu anaipenda. Kwa mchanga nina mashaka mawili. Mkanda unapita kwenye pete, na ngozi kwenye pete inakwama, hasa ikiwa na jasho, kwa hiyo kuachia kunachelewa. Pili, inataka mkanda wa pua ukae chini na ubane kuliko ule wa vidole viwili, la sivyo pete zinahama. Kwa kichwa kifupi na meno yanayokuja, hapo nasita.

FundiNgozi
Nakubaliana na KigweKirefu. Kuna jaribio rahisi dukani: ining'inize hatamu ya mkasi kwenye goti lako, vuta kigwe kimoja, achia. Hesabu. Mkanda usiporudi wenyewe kabla hujasema "moja", usimvike mchanga. Iliyotengenezwa kwa mkanda wa plastiki laini hurudi upesi kuliko ya ngozi.

ShotiShoti
Hakamori ya vyuma (ile yenye wenzo za chuma pembeni na mnyororo wa kidevu) mnaionea. Farasi wa kuruka vizuizi wanaivaa kwenye mashindano makubwa na wanashinda.

DaktariKwato
Wanaivaa, ni kweli, na ni farasi waliokwisha fundishwa miaka mingi. Hesabu ya wenzo haibembelezi, ndugu. Chuma cha pembeni kikiwa na sentimita 15 chini ya egemeo na 5 juu yake, kilo 2 za mkono wako zinafika kama kilo 6 kwenye mnyororo wa kidevu. Pua inapokea zote kwa jumla, karibu kilo 8. Na mifupa miwili ya taya ya chini hapo ni myembamba kingo zake, ngozi tupu juu yake.

Bila hata kutaja maumivu, haina upande. Ukivuta kigwe kimoja, chuma kinapinda na kubana pande zote. Farasi asiyejua kugeuka hawezi kufundishwa kugeuka kwa kitu kinachosema "simama" kila kinapoguswa. Ile ya gurudumu, yenye wenzo mfupi, ni ya kiungwana zaidi, lakini nayo isubiri.

BibiWaKavesoni
Wanangu, mmesahau kavesoni. Ina pete tatu: ya katikati ya pua kwa kamba ndefu ya kumzungushia, za pembeni kwa vigwe. Faida yake kubwa kwa mchanga ni kwamba anavaa kitu kimoja chini na juu. Leo unamzungusha, kesho unafunga vigwe kwenye pete za pembeni, na hakuna lugha mpya. Ila ni nzito, na ikilegea inazunguka mpaka mkanda wa shavu la nje unaingia jichoni. Kinachoishikilia ni mkanda wa taya, ule wa katikati ya shavu: huo ndio uubane, wa pua uache vidole viwili. Wengi hufanya kinyume. Na kagua ndani: zipo zilizotiwa mnyororo au chuma chenye meno chini ya ngozi nyembamba. Mchanga usimvike hiyo.

Neno moja la pembeni. Hatamu yenyewe, kwa asili ya Kiarabu, ni kamba ya puani mwa ngamia. Lijamu ni neno jingine kabisa. Kwa hiyo anayesema "hatamu bila lijamu ni mambo ya kisasa" arudi kwenye kamusi 😄

MatitiTaratibu
Shikamoo bibi, asante. Basi nimechagua ya pete za pembeni. Naomba hatua za siku ya kwanza.

KigweKirefu
Siku ya kwanza hupandi.

1. Mvike, mwache avae dakika kumi huku ukimpiga brashi. Tazama kama anasugua pua kwenye goti la mbele. Akisugua kila mara, kuna kitu kinamkera. Tafuta mshono au pete.

2. Simama begani. Vuta kigwe cha upande wako kwa uzito mdogo kabisa na ngoja. Usiongeze nguvu haraka. Akisogeza pua hata sentimita mbili, achia kabisa. Mara tano kila upande. Ukitaka kujua mkono wako, nasa mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo, kati ya mkono na kigwe. Anza na gramu 200. Ikikubidi kupita kilo moja ukiwa bado umesimama chini, hujawa tayari kupanda.

3. Kigwe kimoja kikiwa kimevutwa, mwombe apishe miguu ya nyuma: mguu wa ndani uvuke mbele ya ule wa nje. Hiyo ndiyo breki yako ya dharura, na inafundishwa hapa, sio siku atakapokurupuka.

4. Kurudi nyuma hatua tatu kwa kuvuta-achia, kigwe hiki kisha kile.

Yote hayo yakienda sawa siku tatu mfululizo, panda. Dakika 10 hadi 15, kutembea tu. Mfunge mkanda wa shingoni, uushike ukiyumba, ili usining'inie kwenye pua yake. Mwendo wa matiti (mbio za polepole) uanze pale anapogeuka na kusimama mara kumi kwa kumi akiwa anatembea. Shoti (mbio za kasi) isubiri.

Breki ya kigwe kimoja akiwa kasi kamili, au kwenye utelezi: usithubutu, ataanguka nawe. Inafaa sekunde mbili za kwanza, kabla mwendo haujakolea. Baada ya hapo mpeleke kwenye duara kubwa na ulipunguze kidogo kidogo.

Zizi_la_Duara
Na akiinua kichwa juu kila akiguswa?

KigweKirefu
Mkono uko juu mno au umebana mno. Shusha mikono, ipanue upana wa mabega yako, omba upande mmoja. Akiegemea na kuvuta, umeshikilia. Mpe kigwe kilegee kabisa hatua tatu, kisha omba tena kwa kigwe kimoja. Akiitika upande mmoja na kugoma mwingine, kabla ya mazoezi zaidi muulize daktari wa meno.

FundiNgozi
Na mkanda wa shavu la nje ukisogea jichoni kila unapovuta, usikaze wa pua. Ongeza mkanda wa taya unaounganisha mikanda miwili ya mashavu, sentimita chache chini ya jicho. Tatizo linaisha.

ShotiShoti
Sawa, nimekubali yaishe. Lakini ajue kwamba akitaka kushindana uchezaji wa madaha (dressage), chini ya kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, lijamu ni lazima. Kuruka vizuizi na mbio za masafa marefu, ruhusa ipo.

MatitiTaratibu
Swali la mwisho, fundi. Baada ya kumvua naona alama ya mkanda puani, na manyoya yamelala. Kawaida?

FundiNgozi
Manyoya kulala ni kawaida. Pitisha kiganja kinyume cha manyoya: yakisimama na ngozi haina joto wala mbonyeo, sawa. Mbonyeo uliobaki baada ya robo saa, umebana. Manyoya yaliyokatika, au ngozi ya waridi, pumzisha pua mpaka pakauke na nywele zianze kurudi, na usimvike hata kamba ya mafundo kipindi hicho. Zikiota nyeupe, ngozi imeshaonewa.

Ngozi ya kondoo chini ya mkanda inasaidia, lakini inaongeza unene: legeza tundu moja, upime vidole viwili upya. Ifue kila baada ya mara tatu nne, maana jasho likikauka ndani yake linakuwa msasa. Mkanda wenyewe ufute kwa kitambaa chenye maji kila ukimvua, upande wa ndani kwanza. Ukilowa mvua usiuanike juani, utakakamaa na kupasuka kwenye matundu. Uning'inize kivulini, na ukiwa bado na unyevunyevu kidogo, paka mafuta ya ngozi kwa vidole.

MatitiTaratibu
Nimepima: pua sentimita 56, pete hadi pete 92.

FundiNgozi
56 imebanwa au imelegea? Pima tena ukiwa na vidole viwili chini ya tepu, halafu uniandikie zote mbili.